Chai ya Mwamvita Isiyotiwa Sukari

Miaka ile ya hamsini, mtu akitaka kunikasirisha pale Mbeya ilitosha kuniambia, "Fundi Halfani, chai ni chai tu." Nilikuwa nasimamisha cherehani. Mtu wa namna hiyo ama hajafika mgahawani kwa Mwamvita binti Yunusu, ama amefika akiwa na mafua.

Tulikuwa watatu kwenye baraza moja karibu na soko. Mimi na cherehani yangu mkono wa kulia, Bushiri kinyozi na kiti chake mkono wa kushoto, na katikati mlango wa mgahawa wa Mwamvita, mkewe Bushiri. Mwamvita alizaliwa Iringa mjini, baba yake akiwa mtu wa Pwani aliyefuata biashara ya kanga akaishia kupenda baridi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na sijapata kumwona akikimbia. Lakini kabla ya adhana ya alfajiri moto wake ulikuwa umeshakolea na sufuria yake kubwa inanukia tangawizi, iliki na mdalasini. Kwake chai ilipikwa kama mchuzi unavyopikwa: maji, majani, maziwa na viungo vyote pamoja, vichemke, vishuke, vichemke tena, na sukari imwagwe kwa bakuli. Abiria wa mabasi ya Iringa na Tukuyu walikuwa wanashuka wakitetemeka na kumwita kwa jina.

Wa kwanza kunywa kila siku alikuwa mumewe. Bushiri alipenda sukari kupita kiasi. Vijiko vinne juu ya ile iliyokwishatiwa, halafu akoroge, halafu alambe kijiko. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na yeye alikuwa Mzaramo kwa baba na kwa babu, kwa hiyo tulikuwa watani, na nilikuwa na haki ya kumwambia kwamba siku akifa hatutamchimbia kaburi, tutawaachia siafu wamalize. Alikuwa anacheka mpaka wembe unamtoka mkononi. Nilimpenda sana yule bwana, na nalisema hilo mapema ili nitakayoyaeleza mbele yasinifanye nionekane adui yake.

Mwaka wa hamsini na tano, mvua za masika zikiwa zinakaribia kwisha, kiatu kilimchubua kidole cha mguu wa kushoto. Kilikuwa kidonda kidogo cha kupaka mafuta na kusahau. Wiki sita hakikufunga. Hospitali wakampima mkojo, na daktari akataka Mwamvita naye aingie kusikiliza. Alisema Bushiri ana ugonjwa wa sukari. Aache sukari, asali, miwa na maandazi. Kisha akagusa mguu juu kidogo ya kifundo kwa ncha ya kalamu, akasema kidonda kisipofunga watakata kuanzia hapo. Kazi ya kinyozi ni kusimama kutwa, na Bushiri hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Siku kumi na moja alijizuia. Shida haikuwa ulimi peke yake. Pale barazani chai ndiyo ilikuwa mazungumzo yenyewe: birika moja, sukari ya wote, kila mtu na kikombe chake. Chai isiyo na sukari humpi mtu unayemheshimu. Ukimpa, ameshajua hukupenda aje. Mwamvita alimletea hiyohiyo kwa sababu hakuwa na nyingine, Bushiri akaionja, akaiweka chini, akasema hapa si msibani anyweshwe chai ya namna hiyo. Tangu hapo birika likitoka, yeye anaingia ndani. Anajilaza kitandani mchana kweupe, uso ukutani. Wateja walimkosa. Mimi nilimkosa kuliko wateja, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu.

Nilikuwa na kopo la vifungo juu ya meza ya cherehani. Nikatia sukari chini, vifungo juu. Bushiri alikuwa anapita karibu yangu, ananong'ona, "Mtani, nipe vifungo viwili vyeupe," nami namchotea vijiko viwili kwenye kikombe chake, anakunywa amegeukia barabarani. Nilijiambia ninamhurumia. Ukweli ni kwamba nilimtaka mwenzangu wa kucheka naye arudi, na ule mguu nilikuwa siufikirii.

Sisimizi ndio waliotusema. Asubuhi moja Mwamvita alitoka kuniletea chai yangu, akaukuta mstari wao umepanda mguu wa meza, umepita juu ya mkasi, umeingia koponi. Alifungua. Alivitazama vifungo na kile kilichokuwa chini yake, kisha akalifunika kopo na kulirudisha mahali pake taratibu.

"Shemeji Halfani," alisema, "suruali ya mguu mmoja unajua kuishona?"

Nililimwaga lile kopo mferejini na vifungo vyake vyote, na kwa siku kadhaa hata cherehani nilikuwa naiendesha polepole nisisikike.

Haikupita wiki, basi la Iringa likamshusha mama mmoja wa Kihehe aliyeitwa Evarista. Alikuwa mchuma chai wa Mufindi, Mkatoliki, rozari shingoni, na alikuwa anakwenda Iyunga kumwona binti yake Juliana aliyejifungua. Aliingia mgahawani, akaamkia "Kamwene," akaketi, akaomba maji ya moto tu. Yalipofika akatoa kapuni chungu kidogo chenye kifuniko na fundo la kitambaa, akaanza kutengeneza chai yake mwenyewe kwenye meza ya watu.

Haya, wewe jaribu kuingia kwenye mgahawa wa mtu na chai yako. Mwamvita alikuwa anawahudumia abiria, na alipomaliza na wa mwisho alikaza kanga kiunoni akaenda kwenye ile meza. Mimi niliacha mshono ili nisikie vizuri.

"Mama, chai yetu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, mama. Ni tumbo yangu tu imezoea hii. Usinikasirikie. Hebu onja na wewe."

Mwamvita alionja kwa ajili ya adabu. Akaonja tena, safari hii akiwa amefumba macho, kisha akauliza sukari imetiwa saa ngapi, mbona hakuiona.

"Sukari ya nini? Hii haitaki sukari," Evarista alisema. "Utamu yake iko ndani ya majani."

Niliitwa nami nikapewa mafunda mawili yaliyobaki. Rangi yake ilikuwa nyekundu inayong'aa, unaliona tako la kikombe. Harufu ilikuwa ya asali na ya matunda ya pichi yaliyoiva mpaka yakaanguka. Ulimini haikusema kitu kikubwa. Ni baada ya kumeza ndipo utamu ulipokuja, polepole, ukakaa kooni kama mgeni asiye na haraka. Nilimtazama Mwamvita na nilijua anafikiria nini, maana alikuwa ameugeukia mlango wa chumba alicholala mumewe.

Majuma mawili baadaye alipanda basi kwenda Mufindi. Mgahawa aliniachia mimi, na kuhusu chai niliyowapikia watu siku zile tatu sitaki kuulizwa.

Mengine haya alinisimulia mwenyewe. Alimkuta Evarista kwenye nyumba yake ya udongo pembeni mwa shamba kubwa la chai, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Evarista akamwonyesha kila kitu bila kuficha. Miezi ya baridi kavu, alisema, kuna vidudu vya kijani, vidogo kama chawa, vinavyofyonza majani machanga. Jani lililoumwa hujikunja na kuwa njano pembeni. Mpima majani akiliona kwenye kapu la mchumaji hulitupa kando, kiwandani hawalitaki. Yeye akaanza kuyaokota yale yaliyotupwa. Huyatandaza mkekani usiku mmoja yalegee. Asubuhi huyasokota kwa viganja, kwa nguvu, mpaka yatoe utomvu na yanate. Kisha huyafunika kwa kitambaa kibichi na kuyaacha, akija kunusa kila baada ya muda, mpaka yageuke rangi ya shaba na yanukie asali. Hapo huyakausha kwenye kikaango juu ya makaa machache, akiyageuza bila kupumzika.

"Majani nzuri wanapeleka Ulaya," Evarista alimwambia. "Hii imeumwa, imebaki na sisi. Lakini kama haijaumwa, mama, haiwi tamu. Nimejaribu."

Likaja suala la kuipika, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mwamvita alitaka kuona kwa macho. Maji yalipokaribia kuchemka, saa ya alasiri ikaingia. Evarista akamwambia aende tu kuswali, yeye ataendelea. Mwamvita alitandika kanga yake nyuma ya nyumba, akaswali, akaleta nyiradi zake, na aliporudi akakuta chai imeshamiminwa. Akaelezwa kwa maneno. Maji yakichemka yaepue, chai hii haikai motoni. Chungu kisuuze kwanza kwa maji ya moto kipate joto. Majani, vidole vitatu kwa kila kikombe. Mimina maji, funika, subiri, kisha mimina kikombeni yote, yasibaki yamekalia majani.

"Nisubiri kiasi gani?"

"Mimi nasali rozari, fungu moja. Nikimaliza namimina."

"Mimi sina rozari, dada."

"Na nyinyi si mna sala zenu? Soma moja."

Soma moja! Evarista wa watu alikuwa na maana ya Salamu Maria kumi, jambo la dakika tatu. Lakini Mwamvita alikuwa hajui fungu la rozari ni nini. Aliona tu ushanga mrefu unaoning'inia mpaka kifuani, akaona pia kwamba chai hii anampikia mgonjwa. Na Mwislamu akiwa na mgonjwa, ukimwambia asome moja, atasoma ipi? Atasoma Yasini, sura ya aya themanini na tatu. Mwamvita hakuwa mwanamke wa kumpunguzia mumewe sala.

Kwa hiyo alirudi Mbeya na kopo la majani, na tangu asubuhi ya kwanza akawa anafanya hivi. Anatia udhu. Anaepua maji, anasuuza chungu, anapima majani kwa vidole vitatu, anamimina, anafunika. Halafu anaketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, karibu na jiko ili chungu kisipoe, anaisoma Yasini yote kwa utulivu, bila kuruka aya, kwa ile sauti yake ya chini. Akimaliza, jua limeshafika kwenye kiti cha kinyozi. Anamimina kikombe kimoja, anampelekea Bushiri, na yeye mwenyewe haonji hata tone. Majani yalikuwa machache, na alishika kwamba dawa ya mgonjwa haiguswi na mzima. Huyu ndiye mwanamke aliyeonja sufuria ya kila jirani!

Bushiri alikunywa siku ya kwanza. Mwamvita alisimama pale pale na sinia mkononi.

"Vipi, baba?"

Bushiri alimeza, akafuta midomo. "Tamu," akasema.

Nikamwona mwanamke yule akitabasamu, na mimi sikuwa nimeliona tabasamu lake tangu siku ya daktari. Aliingia ndani akiwa mwepesi. Kuanzia hapo Bushiri alikuwa anaketi nasi barazani tena, na kikombe chake cha peke yake, na birika letu likipita hakuligeukia. Hakuniomba vifungo. Nilisema moyoni, kumbe dunia ina mambo, majani yametushinda ujanja sisi wanadamu.

Siku ya nne au ya tano utani ulinipanda. Bushiri alikuwa amekunywa nusu, na mimi nikamnyang'anya kikombe, mtani ana ruhusa hiyo, nikakipiga funda moja kubwa. Mungu wangu! Ilikuwa chungu kama mwarobaini. Ilikausha ulimi, ikakausha ufizi, machozi yakanitoka. Nilitaka kupiga kelele, lakini Bushiri alikuwa ameshanishika mkono, na sikujua kwamba kinyozi ana nguvu kiasi kile.

"Ukimwambia," alisema polepole, "utani wetu umekwisha."

"Lakini mtani, hii si..."

"Nimesema."

Akachukua kikombe, akakimaliza, akakirudisha kwenye sinia bila kukunja uso. Nikamwacha. Nilidhani ni kiburi cha kiume tu, hataki kumwaibisha mkewe mbele za watu baada ya safari yote ile. Nikawa natazama kila asubuhi, Yasini inasomwa, chungu kinakuja, Bushiri anakunywa, anasema tamu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kule hospitali walikuwa wanamfungua kitambaa na kumfunga kingine, na safari moja muuguzi akamwita daktari aje aone. Kidonda kilikuwa kinajaza nyama. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kilifunga. Daktari akasema endelea hivyo hivyo, na Mwamvita akachinja kuku wawili akatulisha baraza zima.

Ilikuwa katika furaha hiyo ndipo Evarista alipopita tena akienda Iyunga, na kopo jipya la majani kapuni. Mwamvita alimpokea kama dada wa tumbo moja. Akamkalisha barazani katikati yetu, akamwambia leo hatumii mkono wake, leo atapikiwa. Evarista akakubali, akajikunyata kwenye shuka lake, akangoja. Tulisikia maji yakimiminwa. Tulisikia kifuniko. Tukasikia Yasini ikianza. Evarista aliinamisha kichwa kwa heshima, halafu baada ya muda akainua, akanitazama mimi, akamtazama Bushiri.

"Mwenzangu anafanya nini na chai?" aliuliza.

"Anaisomea," nikasema. Bushiri alikuwa anatazama barabarani.

Chai ikaja, vikombe viwili, cha mgeni na cha mgonjwa. Evarista alinywa kidogo. Nilimwona akijitahidi, masikini, lakini ile chai haimezeki kwa adabu.

"Dada!" alisema. "Hii umeiua! Umeiacha muda gani?"

Mwamvita hakuelewa. Alikichukua kikombe mkononi mwa Evarista, akaonja kwa mara ya kwanza chai hii ya mkono wake. Sitaki kueleza sana uso wake. Alisimama, akameza kwa shida, kisha akamgeukia mumewe, ambaye kikombe chake kilikuwa kimeshafika nusu.

"Baba, siku zote ilikuwa hivi?"

Bushiri alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Miezi miwili unaniambia tamu?"

"Mwamvita, kaa chini."

"Sikai. Niambie kwa nini umeninyamazia. Umenifanya mjinga mbele ya watu."

Bushiri aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa mzaha maisha yake yote, na siku ile sikusikia mzaha.

"Chai chungu ningeweza kuimwaga," alisema. "Siku ya kwanza nilitaka kuimwaga. Lakini nilikuwa nimelala pale ndani nakusikia. Nikasema labda ni siku moja tu. Kesho yake ukasoma tena. Yasini watu humsomea mtu anayekata roho, mke wangu, au aliyekwisha kufa. Mimi nasomewa kila siku nikiwa hai, na mtu asiyekosea hata aya. Sasa nitoke hapo nikaombe sukari kwa Halfani? Ningeiomba kwa mdomo gani?"

Mwamvita alijifunika uso kwa kanga. Evarista hakujua Yasini ni nini, lakini alilia naye, wanawake wa Kihehe hawamwachi mtu alie peke yake. Mimi nilijidai natia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kabisa kuingia.

Jioni ile ile Evarista alipika mwenyewe. Alisali fungu lake kwa sauti ili Mwamvita apime, na Mwamvita akagundua kwamba ni sawasawa na Alhamdu saba, bila haraka. Bushiri akanywa. Ule utamu ulipomfikia alicheka peke yake, akasema alikuwa ameshaizoea ile nyingine. Mwamvita akawa tangu hapo anaisoma Yasini maji yakiwa bado jikoni, na Alhamdu saba majani yakiwa chunguni, na mgahawani kwake ukitaka chai ya namna hiyo alikupikia vilevile, hata kama wewe ni Mlutheri. Baadhi yetu barazani tuliacha sukari bila kuambiwa na daktari yeyote.

Ningependa nikwambie waliishi hivyo miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tisa Mwamvita alishikwa na homa ya mapafu siku ya Jumatatu, na Alhamisi hatukuwa naye. Yeye, ambaye hakuwahi kulala mchana. Tulikuwa tumezoea kumhofia Bushiri, tukasahau kabisa kumtazama mwingine.

Mvua ilinyesha usiku kucha na njia ya makaburini ilikuwa tope tupu. Watu wakasema mzee asiguse jeneza, ana maradhi, apandishwe kwenye lori la mfanyabiashara mmoja atangulie kule. Hata mimi nilimshika mkono nikamwambia, mtani, panda gari. Alinitoa mkono. Alivua viatu, akakunja kanzu, akaingiza bega chini ya jeneza upande wa mbele.

"Niacheni," alisema. "Miguu hii ni yake. Nitamfikisha."

Akatembea mpaka mwisho.